Shahidi ambaye hakuuona uhalifu: Profesa Baron kwenye kesi ya Eichmann, 1961

Ukitaja kesi ya Adolf Eichmann, yule afisa wa Hitler aliyepanga treni za kupeleka Wayahudi kwenye kambi za kuua, watu wanakumbuka kile kibanda cha kioo kisichopenya risasi, wanakumbuka mashahidi waliolia na yule mmoja aliyezimia, na wengine wanakumbuka tu kwamba jamaa alinyongwa basi. Mimi kilichonikamata ni siku moja ambayo wengi wanairuka, Jumatatu tarehe 24 Aprili 1961, kwasababu siku hiyo aliyesimama kwenye kizimba cha mashahidi hakuwa manusura wa kambi wala karani wa Wanazi aliyeamua kutubu. Alikuwa profesa wa historia kutoka New York, umri miaka 65, digrii tatu za udaktari, na katika yale mashtaka 15 hakuna hata tukio moja aliloliona kwa macho yake.

Sasa shahidi asiyeona kitu anaitwa mahakamani kufanya nini? Hapo ndo kisa chenyewe kilipo.

Mazingira kwanza kwa ufupi. Eichmann alikamatwa Argentina tarehe 11 Mei 1960 na majasusi wa Israel, na kesi ikafunguliwa Jerusalem tarehe 11 Aprili mwaka uliofuata. Ilifanyika Beit Ha'am, jengo jipya lililokuwa linajengwa liwe ukumbi wa utamaduni, likageuzwa mahakama maana walihitaji pa kukaa watu kama 750, wengi wao waandishi wa habari. Majaji watatu, Moshe Landau ndo mwenyekiti, pamoja na Benjamin Halevi na Yitzhak Raveh, na wote Kijerumani ni lugha waliyokulia. Mwendesha mashtaka mkuu ni Gideon Hausner. Wakili wa utetezi ni Robert Servatius, Mjerumani wa Köln aliyewahi kuwatetea Wanazi kule Nuremberg kwenye kesi za baada ya vita, na safari hii serikali ya Israel yenyewe ndo ilimlipa. Israel haikuwa na televisheni bado, kwahiyo wananchi waliifuata kesi redioni, huku mikanda ya picha ikirushwa kwa ndege kwenda Marekani na Ulaya. Yaani kila aliyepanda pale alikuwa anaongea na taifa zima lililotega masikio jikoni, dukani na kwenye basi.

Profesa wetu ni Salo Wittmayer Baron. Alizaliwa 1895 Tarnów, mji wa Galicia, enzi hizo ni himaya ya Austria na leo ni Poland. Akaenda Vienna kusoma na huko akachukua udaktari wa falsafa, wa sayansi ya siasa na wa sheria, katikati hapo akapata na urabi, mtu hakuwa na utani na shule. Alihamia New York miaka ya 1920 na mwaka 1930 akapewa kiti cha historia ya Wayahudi Chuo Kikuu cha Columbia, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa, maana historia hiyo ilikuwa inafundishwa na marabi kwa ajili ya marabi, na hapa ghafla inawekwa meza moja na historia ya Roma na Ufaransa.

Ila kinachofanya siku ile iwe tamu kuichambua ni ugomvi wake wa zamani. Mwaka 1928 Baron aliandika makala kuhusu geto (mtaa ambao Wayahudi walilazimishwa kukaa peke yao) na ukombozi wa Wayahudi, yaani kupewa haki sawa, ambayo iliwaudhi watu wengi. Alisema wanahistoria wa Kiyahudi wameizoea mno historia ya machozi, yaani ukifungua kitabu unakuta kuchomwa, kufukuzwa, kuchinjwa, kufukuzwa tena, mpaka unajiuliza hawa watu walipata wapi muda wa kuoa. Yeye akasema hebu tupige hesabu kama watu wazima. Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa hakuna mtu Ulaya aliyekuwa na haki sawa, kila kundi lilikuwa na haki zake na vifungo vyake, na ukimlinganisha Myahudi wa geto na yule mkulima mtwana aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake, asiyeweza hata kuhama kijiji bila ruhusa, Myahudi mara nyingi alikuwa na nafuu. Alikuwa na mahakama zake, shule zake, kodi alikusanya mwenyewe, na idadi ya watu wake ilikuwa inaongezeka. Mateso yalikuwepo, hakuyakataa hata siku moja, alichokataa ni kuyafanya mateso ndo historia yenyewe.

Haya. Sasa mchukue mtu huyo, aliyepambana zaidi ya miaka 30 kuwaambia watu waache kusimulia Wayahudi kwa machozi peke yake, umuite kwenye kesi ambayo imejaa machozi kuliko kesi yoyote iliyowahi kusikilizwa. Hausner alikuwa na mashahidi zaidi ya 100 na wengi wao ni manusura. Unamuuliza Baron nini?

Hausner alimuuliza kuhusu uhai. Hili mimi nalihesabu ni akili kubwa, hata kama Hausner mwenyewe sina uhakika alijua uzito wake, maana hotuba yake ya ufunguzi alianzia kwa Farao na Hamani, wale watesi wa Wayahudi kwenye Biblia, historia ya machozi ile ile Baron aliyokuwa anaipinga. Kwa kifupi swali lilikuwa, kabla ya Wanazi kulikuwa na nini? Hapo mzee akaanza kueleza, na ukisoma rekodi ya siku hiyo unaona hana haraka, anaongea kama yuko darasani Columbia. Idadi ya watu, miji, vyama vya siasa, shule, magazeti, mikataba ya kulinda jamii ndogo iliyosainiwa baada ya Vita vya Kwanza, waandishi, wanasayansi, marabi. Hakuna kambi hapo, hakuna treni, hakuna gesi.

Kwa ambaye hajui ilikuwaje, ngoja niongeze nyama kidogo, hii naleta mimi mwenyewe. Poland peke yake ilikuwa na Wayahudi kama milioni 3.3, mmoja katika kila raia 10. Warsaw theluthi moja ya mji. Walikuwa na magazeti ya kila siku ya Kiyidishi, lugha yao ya nyumbani, yaani Haynt na Moment, yanayogombania wasomaji kama magazeti yoyote yanavyogombania, na riwaya za mfululizo ndani yake. Vilna kulikuwa na YIVO, taasisi iliyoanzishwa 1925 kwa ajili ya kuchunguza maisha ya watu wa kawaida, ikawa inawaomba watu wa vijijini watume methali, nyimbo, majina ya michezo ya watoto, na watu wakatuma kweli. Lublin ikafunguliwa yeshiva kubwa, yaani chuo cha dini, mwaka 1930. Kraków, fundi cherehani mmoja mwanamke, Sarah Schenirer, alianzisha mwaka 1917 shule ya dini ya wasichana, jambo ambalo wazee wengi hawakulizoea, na miaka 20 baadaye shule za mtandao wake zinahesabika kwa mamia. Alafu siasa sasa, hapo ndo moto. Wabundi, chama cha wafanyakazi wa kisoshalisti, wanasema tubaki hapa hapa tupiganie haki kama wafanyakazi na tuongee Kiyidishi chetu. Wazayuni wanasema tuondoke twende Palestina na tuongee Kiebrania. Watu wa Aguda, chama cha washika dini, wanasema nyote mmepotea. Nyumba moja unaweza kukuta ndugu watatu na vyama vitatu na meza moja ya chakula.

(Hapo niweke kitu cha kwetu kidogo. Hawa hawa Wayahudi wa Ulaya Mashariki ndo waliokataa Kenya. Mwaka 1903 Waingereza walimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, wazo la kuwapa Wayahudi ardhi Uasin Gishu, watu wakaita mpango wa Uganda maana mipaka ilikuwa imehama juzi tu, na kwenye kongamano la Wazayuni kule Basel kura 295 kwa 178 zikapita kwamba watume wachunguzi. Wajumbe wa Urusi wakatoka nje ya ukumbi wengine wanalia, na walikuwemo waliotoka mji wa Kishinev ambako Wayahudi 49 walikuwa wameuawa miezi michache tu kabla. Yaani wenye shida zaidi ndo waliokataa. Mwaka 1905 mpango ukazikwa rasmi. Wanandi wenyewe wenye ardhi yao hakuna aliyewauliza, ila hiyo ni mada nyingine ya kugombana siku nyingine.)

Turudi mahakamani. Hausner alimuuliza pia kuhusu kwao Tarnów. Hapa sauti ya darasani inakatika. Baron akaeleza kwamba mji ule kabla ya vita ulikuwa na Wayahudi kama 20,000, nusu ya mji hivi, na baada ya Hitler hawakuzidi 20. Wazazi wake na dada yake waliuawa. Alisema hayo kwa sentensi chache akaendelea na mada. Mimi nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa nikitafuta kama kuna pahala anajiachia kidogo, sijapaona, na nadhani ni makusudi kabisa, maana aliitwa kama mtaalamu na hakutaka hasara ya nyumbani kwake imgeuze kuwa shahidi wa aina nyingine. Sentensi moja tu, kutoka 20,000 mpaka 20, inatosha.

Na kuna jambo jingine wengi hawalijui ambalo mi naona ndo linampa haki ya kusimama pale kuliko zile digrii tatu. Baada ya vita jeshi la Marekani lilikuta Ujerumani milima ya vitabu ambavyo Wanazi waliviiba kutoka sinagogi, shule na nyumba za Wayahudi kila pembe ya Ulaya, vikakusanywa kwenye ghala kule Offenbach. Swali likaja, vya nani hivi? Wenyewe wamekufa, warithi wamekufa, jumuiya nzima haipo. Mwaka 1947 ikasajiliwa taasisi ya kuvipokea kwa niaba ya watu wa Kiyahudi, mwenyekiti wake ni Baron, na mtendaji wake kwa miaka kadhaa alikuwa Hannah Arendt, ndiyo yule yule mwanafalsafa aliyekuja kuandika kitabu maarufu kuhusu kesi hii. Vitabu kama nusu milioni vikagawiwa, vingi vikaenda Israel na Marekani, na sehemu nchi nyingine. Kwahiyo Baron anaposimama mbele ya jaji Landau kueleza utamaduni uliopotea haongei vya kusoma, huyu mtu ameuhesabu utamaduni huo kwa makreti, kitabu kina muhuri wa maktaba ya mji ambao hauna tena msomaji hata mmoja, anatakiwa aamue kiende wapi.

Sasa ikafika zamu ya Servatius kumdodosa. Wengi walitegemea atauliza maswali ya kimahakama, mfano wewe ulikuwa wapi mwaka 1942, jibu New York, asante shahidi, kaa. Ingekuwa rahisi na ingemuumiza. Badala yake Servatius akaingia kwenye falsafa. Akataka kujua chuki dhidi ya Wayahudi imetoka wapi, kwanini balaa hili liwapate watu hawa miaka yote, je hakuna kitu kisichoelezeka kwa akili za binadamu nyuma yake, na je sio kweli kwamba kuna wanaosema historia ina roho yake inayojisukuma yenyewe bila kujali wanadamu wanataka nini. Alafu akapigilia, kwamba nia ilikuwa kuwaangamiza Wayahudi, matokeo yake likazaliwa taifa jipya lenye kustawi.

Ukisikia haraka haraka unaona kama mzee wa watu anauliza maswali ya kistaarabu kwa msomi mwenzie. Tega sikio vizuri. Kama historia inajiendesha yenyewe, basi aliyekaa kwenye kioo pale ni kijiskrubu tu kwenye mtambo ambao hakuujenga, na kama mwisho wa safari ni taifa jipya, basi hata treni zake zilikuwa sehemu ya mpango wa hiyo roho. Ni utetezi, tena utetezi wa hatari kuliko ule wa "nilitumwa na wakubwa", umevaa koti la uprofesa. Arendt aliyanukuu maswali haya kwenye kitabu chake cha 1963, na akaonyesha kwamba Servatius hakuyatoa hewani, aliyaokota kwenye mlango ambao Hausner mwenyewe aliuacha wazi alipoanza na Farao. Hapo namuunga mkono mama yule mia kwa mia. Ukishasema chuki hii ni ya milele na inafuata watu hawa kila kizazi, umeshamsaidia mshtakiwa, kwasababu kitu cha milele hakina mtendaji.

Baron alilijibu la chuki kama mwanahistoria. Mzizi mkubwa alioutaja ni watu kutompenda asiyefanana nao, na Wayahudi walikuwa wachache waliotofautiana na wenzao kila walikokwenda. Jibu la kawaida kabisa, halina radi wala umeme, na nakumbuka mara ya kwanza nililiona dogo mno. Baadaye nikaona uzuri wake, ni jibu la kibinadamu, linaishusha ile chuki kutoka mbinguni na kuiweka mtaani, ambapo mtu anachagua kumtukana jirani au kutomtukana. Na mtu anayechagua anaweza kushtakiwa.

Na Eichmann mwenyewe, tusisahau, hakuwa mtu wa falsafa, alikuwa mtu wa ratiba. Alianza kupanda cheo Vienna mwaka 1938, mji ule ule Baron aliposomea, akaweka ofisi kwenye jumba la familia ya Rothschild, matajiri wa Kiyahudi, na akatengeneza utaratibu ambao Myahudi anaingia mlango huu ana nyumba, kazi na akiba, anatokea mlango ule ana pasi ya kuondokea tu. Mwaka 1940 ofisi yake ikaandika mpango wa kuwapakia Wayahudi milioni 4 kwenye meli, milioni moja kila mwaka kwa miaka minne, wakatupwe Madagascar, hapa hapa Bahari ya Hindi tunapovua samaki. Ukiusoma unakuta meli, idadi kwa siku, nani alipe. Wamalagasi hawamo popote. Mpango ukafa kwasababu Uingereza haikushindwa vitani na njia ya bahari haikufunguka, na kilichofuata baada yake ni vile viwanda vya kuua. Roho ya historia gani hiyo yenye hesabu za nauli?

Sasa nije kwenye udhaifu, maana sitaki nionekane nimelewa sifa za Baron. Picha aliyoichora mi naona ilitoka na mwanga mwingi kuliko vivuli. Poland ya miaka ya 1930 ilikuwa na mgomo wa kutonunua kwenye maduka ya Kiyahudi, vyuo vikuu kuanzia 1937 viliwatenga wanafunzi wa Kiyahudi kwenye mabenchi yao, umaskini ulikuwa mkali, na vijana wengi walishaanza kuiacha Kiyidishi wakaongea Kipolandi. Baron alijua haya yote kuliko mtu yeyote ukumbini. Lakini ukiitwa kueleza marehemu alikuwa nani, unaeleza uzuri wake kwanza, hiyo ni msibani popote duniani, na mahakama ile saa hiyo ilikuwa nusu mahakama nusu msiba.

Udhaifu wa pili sio wake, ni wa kesi. Kisheria ushahidi kama wake ni mgumu kuutetea. Hauthibitishi kwamba Eichmann alifanya lolote. Mlango ulikuwepo kwasababu sheria ya Israel ya 1950 ya kuwaadhibu Wanazi iliruhusu mahakama kutofuata kanuni za kawaida za ushahidi, na Landau na wenzake wakamsikiliza. Lakini Desemba ile walipoandika hukumu walisema wazi kwamba mahakama haina uwezo wa kujibu maswali makubwa ya historia na haitavutwa nje ya kazi yake, kazi yake ni mtu huyu na matendo haya. Ukiwasoma harakaharaka unadhani wamemkana Baron. Mi sioni hivyo. Shtaka zito kabisa lilikuwa uhalifu dhidi ya watu wa Kiyahudi, kwa nia ya kuwaangamiza kama watu. Sasa utajuaje "watu" wameangamizwa kama hujui walikuwa kina nani? Mauaji ya mmoja mmoja unaweza kuyathibitisha kwa maiti. Kuangamizwa kwa watu kunahitaji mtu asimame aseme kulikuwa na shule, gazeti, ugomvi wa vyama, fundi cherehani aliyefungua darasa, na leo havipo. Bila huyo unabaki na hesabu tu, kwamba dunia ilikuwa na Wayahudi milioni 16 na nusu hivi na milioni sita hawapo.

Siku iliyofuata, tarehe 25, akapanda mzee mwingine, Zindel Grynszpan, fundi cherehani aliyeishi Hannover toka 1911. Huyu akaeleza jinsi polisi walivyomtoa nyumbani na familia yake Oktoba 1938, wakapakiwa na maelfu wengine mpaka mpaka wa Poland, wakasukumwa kwa mijeledi mvua inanyesha, na jinsi alivyomwandikia mwanae Herschel aliyekuwa Paris. Herschel ndo yule kijana aliyempiga risasi mwanadiplomasia wa Ujerumani, na Wanazi wakaifanya kisingizio cha usiku wa kuvunja vioo, walipovamia maduka na masinagogi ya Wayahudi. Mzee aliongea dakika chache tu, ndiyo na hapana, hana maua. Arendt, ambaye hakusifia vitu vingi kwenye kesi ile, huyu alimsifia. Wengi wanamalizia hapo wanasema unaona, mtu wa kawaida kamshinda profesa. Lakini ungemsikia Grynszpan bila Baron ungemsikia kama mzee aliyenyang'anywa nyumba. Ukimsikia baada ya Baron unajua ni nini kingine kilikuwa kinapakiwa kwenye lile gari.

Eichmann alinyongwa Ramla usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1962. Baron alirudi New York kwenye kazi yake kubwa, ile historia ya kijamii na kidini ya Wayahudi aliyoitoa kwa juzuu tatu mwaka 1937 alafu akaamua kuiandika upya kuanzia 1952. Juzuu ya 18 ilitoka 1983, yeye ana miaka 88, na alikuwa amefika karibu mwaka 1650 tu. Alifariki 1989. Tarnów ya utoto wake, ile ya watu 20,000, mfululizo ule haukuifikia.